Naomba ushauri: wakongwe wanawafokea wanaouliza

Habari za jioni wakuu. Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la mafundi simu, wengi wetu tuko Kariakoo. Kijana akiandika "simu haiingizi chaji, nifanyeje?" bila kutaja aina ya simu wala alichokwisha kupima, wakongwe wanamrukia: "Rudi ukajifunze!" Wanaoanza kazi sasa wanaogopa, wananifuata inboksi. Inaniuma sana. Nimebandika kanuni juu kabisa, hazisomwi. Nikifuta matusi naambiwa napendelea. Kuruhusu maadmini pekee waandike sitaki, grupu litakufa.

Naombeni msaada: mkongwe mwenye majibu mazuri lakini anatukana, nimwonye mbele ya wote au pembeni? Na swali lisilojitosheleza nilifute, au nimwombe mwenyewe aongeze maelezo?