Fundi kaniulia nyuzi za Lister ya babu, na bado anataka nimmalizie pesa

Asalaam aleikum watu wa mashine. Leo naanzisha uzi kuhusu nyuzi, ile michirizi ya bolti na ya tundu lake, na nimekasirika kwa hivyo mtanisamehe nikiandika bila kupumua.

Hapa Lamu upande wa Langoni tuna Lister ya babu, injini ile ya silinda moja iliyosimama, magurudumu mawili mazito ubavuni, nguvu ya farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika, kibati chake kimeandikwa Dursley, England. Ikilia tuk, tuk, tuk, majirani wanajua leo tunasaga. Imesaga unga tangu baba yangu yuko mdogo, ikaja ikalazwa, mimi nikaiamsha tena. Sio ya makumbusho, inafanya kazi. Kosa la familia nalikubali kabla hamjanirukia: lile pipa la kupoozea tulikuwa tunalijaza maji ya kisima, na visima vya mui huu mnavijua, chumvi tupu. Miaka yote hiyo. Kwa hivyo stadi mbili (bolti zisizo na kichwa) zinazoshika flenji ya bomba la maji juu ya hedi, kile kifuniko cha silinda, zililiwa na kutu, maji yakaanza kuvuja, nikaona bas niite fundi azibadilishe, kazi ya nusu saa.

Nusu saa!

Kijana akaja na mkoba wake, ana adabu, "shikamoo ami" nyingi mpaka nikaona haya kumuuliza kama ashawahi kushika Lister. Stadi ya kwanza ikatoka vizuri, tundu lake safi. Ya pili ikakatika usawa wa hedi. Hapo simlaumu wallahi, stadi iliyolala kwenye kutu umri wote huo itakatika hata ikishikwa na malaika. Lakini dawa yake si inajulikana? Unailowesha mafuta usiku kucha, unapasha moto pembeni yake, unachomelea nati juu ya kile kisiki kisha unazungusha polepole mbele nyuma mbele nyuma mpaka ikubali. Yeye akatoa drili ya mkono, akapanda juu ya mashine akaishika kama anatoboa ukuta atundike picha. Sasa stadi ni ngumu kuliko ile kasti, chuma cha kumimina, inayoizunguka, na ncha ya drili inakimbilia palipo laini, tundu likaenda kombo. Nikamwambia simama. Akasema kidogo tu ami. Kidogo hicho kikafika mpaka ndani maji yanamopita, ndo nikaona uji wa kutu unamtiririkia mikononi, kumbe hata maji hakuyamwaga yote.

Hilo ningeweza kulimeza. Lililoniuma ni lile tundu la kwanza, lililokuwa zima.

Akachomoa kwenye mkoba bolti ya M10, yaani ya milimita 10, zile za spana namba 17 ambazo kila fundi anazo mfuko mzima. Ikaingia raundi mbili kwa vidole, ikagoma. Nikamwambia kijana hiyo siyo yake. Akanijibu, na haya ndo maneno yanayoninyima usingizi, "Ami, bolti ni bolti, ni kutu tu hiyo, nikiivuta itakubali." Akavisha spana paipu. Akavuta. Ikalia krrr, kisha ikawa laini ghafla. Kila aliyewahi kushika spana anaujua ule ulaini, moyo unashuka mpaka kwenye ndara.

Sikilizeni enyi mafundi wa "bolti ni bolti". Injini za Muingereza za zamani zina nyuzi za Whitworth, huyo bwana Joseph Whitworth alizipanga mwaka 1841 huko kwao, pembe kati ya mbavu mbili za uzi ni digrii 55. Za milimita ni digrii 60. Stadi ya kwangu nimeipima mwenyewe, ni inchi tatu kwa nane (3/8), nyuzi 16 kwa kila inchi, unene wake milimita 9.5 na ushee. M10 ni nene zaidi, na uzi wake unatembea milimita 1.5 kila raundi, yaani karibu nyuzi 17 kwa inchi. Kwa hivyo raundi ya kwanza inakudanganya, ya pili inakudanganya, ya tatu nyuzi zinaanza kugombana, na kwenye kasti zinazokufa ni zile za tundu maana kasti haipindi, inamomonyoka kama biskuti. Bolti iliyo yake inaingia kwa vidole mpaka mwisho kama tundu ni safi. Ukihitaji spana raundi ya tatu, toa. Sio elimu ya chuo kikuu hii.

Na dalili alikuwa nayo mkononi! Nilimpa spana ya babu, imechongwa 3/8 W. Akaipima mdomo akaona ni milimita 18, akacheka akasema ami hii spana yenu imeandikwa uongo. Haijaandikwa uongo, za Whitworth zinaandikwa unene wa bolti, sio upana wa nati. Si angejiuliza basi, mbona namba 17 haiingii kwenye nati za hapa na 19 inacheza? Hapana. Akasema "hii labda ni ile kopi ya Kihindi." Kopi za Rajkot, huko India, zipo kweli na zingine nzuri tu, lakini kibati kiko mbele ya macho yako, kisome!

Mwisho akataka kuyajaza matundu yote mawili kwa weldi ya rodi ya kawaida atoboe upya. Hapo ndo nilimwambia kusanya vitu vyako. Kasti ukiichoma na rodi ya kawaida ikiwa baridi, pale pembeni panakuwa pagumu kama kioo, ikipoa inapasuka. Inataka rodi ya nikeli, hedi ipashwe moto yote kwanza na ipoe taratibu, ukiweza ndani ya jivu. Yeye alikuja na rodi mbili zimepata unyevu.

Bas, hedi nikaifungua, ikapanda punda mpaka gatini, boti mpaka Mokowe, basi Witu, Gamba, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa, mimi nayo miguuni njia nzima na kila kizuizi naulizwa hicho ni nini. Huko kuna mzee mkerezaji, mtu wa kwetu. Hakuniuliza bei wala hadithi, alichukua geji ya nyuzi akaiweka kwenye stadi ya zamani, akaangalia mwangaza unaopita katikati, akasema, "Mwanangu, huyu alokufanyia hivi hakupima. Hii siyo ndia."

Akaifunga hedi kwenye drili ya kusimama, akanyoosha lile tundu la kombo, akayatanua yote mawili milimita 13.5, akakata nyuzi za Whitworth za inchi tano kwa nane kwa tapu tatu moja baada ya nyingine, kavu bila mafuta, kila nusu raundi anarudi nyuma kidogo kukata vumbi. Kisha akakereza bushi mbili za chuma, vijibomba vyenye nyuzi nje na ndani, nje tano kwa nane, ndani tatu kwa nane kama hedi ilivyozaliwa nazo. Ile ya tundu lililotoboka akaiacha na tako, yaani chini imezibwa, haikupita, maji yasipate njia ya kupanda kwenye stadi, na nje akaipaka gundi ya nyuzi. Koili za waya za kutia ndani ya tundu alikuwa nazo, lakini za milimita, akasema hatazitia humo hata nikimlipa mara mbili. Huyo ndo fundi.

Sasa tangu juzi kijana ananipigia simu. Tulipatana 3,500, nilimtangulizia 2,000, anataka 1,500 yake "ya jasho". Jasho gani? Nauli ya kwenda na kurudi Mombasa, mkerezaji, siku nne mashine imekaa na wateja wanapeleka mahindi kwengine, hiyo nani atanilipa? Wengine humu mtasema nimlipe yaishe ni kijana anajifunza. Ajifunze, lakini sio kwa hedi yangu.

Na kuna kitu sijamwambia bado kwenye simu kwa sababu nikianza nitatukana. Kuondoka aliondoka na spana ya babu, ile aliyosema imeandikwa uongo. Kijana, kama unasoma hapa, ilete kwanza ndo tuongee habari ya 1,500.