Stoo yangu imenadiwa na "dalali" asiye na leseni, na mwenye godauni ananawa mikono

Wadau, hasira niliyo nayo haijanitoka tangu Jumanne. Nimefika kwenye godauni moja huku Industrial Area, Nairobi, nilikokodi stoo, pesa ziko kwenye M-Pesa tayari nimalize deni lote, nikakuta mlango wazi na kufuli langu limekatwa, liko sakafuni. Ndani peupe. Kilichobaki ni mkebe wa Kimbo ambao Mama aliwekea vifungo vyake. Umepinduliwa, vifungo vimetapakaa mpaka nje kwenye korido, vingine vimekanyagwa vikapasuka.

Deni nilikuwa nalo, sikatai. Miezi 3, kila mwezi 6,000. Mama alipofariki tulirudisha nyumba ya kupanga ya mtaa wa Umoja, na chumba ninachoishi hakiingii hata kabati lake. Alikuwa fundi wa kushona. Humo stoo kulikuwa na cherehani yake nyeusi ya miguu, meza ya kukatia, vitambaa vya wateja ambavyo hakuwahi kuvimaliza, na sanduku la bati lenye picha zake, vyeti vyetu vya kuzaliwa na karatasi za shamba.

Mlinzi ndiye aliyenieleza. Jumamosi alikuja jamaa na kipaza sauti cha mkononi na pikapu. Wanunuzi walikuwa wanne. Wakachungulia mlangoni kwa tochi za simu, jamaa akapayuka, dakika kumi kila kitu kimekwenda kwa 22,000. Na aliyechukua ni yule yule aliyeshuka naye kwenye pikapu!

Nikampigia mwenye godauni. Jibu lake: "Mimi nilileta dalali, muulize yeye."

Dalali gani? Kwa sababu huku kwetu anayekutafutia nyumba ya kupanga ni dalali, anayekuunganisha na mwenye gari ni dalali, basi kila mwenye mdomo mwepesi anajiona anaweza kunadi mali ya mtu. Hawezi. Tangu 1996 tuna Sheria ya Madalali, na anayefanya kazi ya mnada lazima awe na leseni ya bodi inayosimamia kazi hiyo. Nimemwomba mwenye godauni namba ya leseni ya huyo mtu mara tatu. Ananitumia namba ya simu. Leseni si namba ya simu, mzee!

Mkimwajiri mwenye leseni mnanunua nini? Mnanunua utaratibu. Kanuni za madalali za 1997 zinamtaka aorodheshe kitu kimoja kimoja, hali yake na thamani yake, kisha ampe mwenye mali notisi ya siku 7 ya kukomboa. Ndipo abebe, atangaze gazetini, auze. Siku 7! Mimi zingenitosha mbili. Na dalali aliyefungua sanduku ili aandike kilichomo angeona hati za shamba na picha za marehemu amevaa gauni lake la kanisani, angeziweka kando. Huyu hakufungua chochote. Ameuza gizani.

Eti mwenye godauni anasema ndivyo stoo zinavyouzwa Marekani, wanunuzi wakitazama kutoka mlangoni. Kweli huko hutazama kutoka mlangoni. Lakini mwenye stoo hutumiwa notisi kwanza, na ni kawaida huko kumwambia mnunuzi arudishe picha na karatasi za watu ofisini. Hiyo sehemu hakuiga.

Na asinichanganye kwa maneno. Akisema mimi ni mpangaji, kudai kodi kwa kukamata mali kuna sheria yake, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, na si kazi ya mtu wa pikapu. Akisema nilimwachia mali amhifadhie, ipo Sura ya 38 ya mali isiyochukuliwa, ndiyo ile ya notisi za siku 30 tunazosoma kila mara kwenye magazeti na Gazeti Rasmi la Serikali. Achague moja. Mimi sikupata notisi, sikupata simu, sikupata hata ujumbe mfupi, na namba yangu anayo maana ndiyo ananidaia kodi.

Tena kuna hili la rafiki wa pikapu. Sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, haimruhusu muuzaji kujipandishia bei kwa siri wala kutuma mtu ampandishie. Ninataka kujua yule alikuwa mnunuzi au alikuwa mwenzake. Na 4,000 zilizozidi deni langu ziko wapi? Hakuna karatasi hata moja yenye jibu.

Malalamiko kwa bodi nimeshaandika, nayapeleka Jumatatu pamoja na picha ya kufuli. Kama kuna aliyepitia haya na akafika mbali, aniambie alianzia wapi.

Na kama uko humu na uliuziwa cherehani nyeusi ya miguu Jumamosi, upande wa kulia rangi ya dhahabu imefutika pale mkono wa Mama ulipokuwa unashika gurudumu: cherehani tutaongea. Sanduku la bati usilitupe. Niandikie faragha, nitakuja kulichukua popote lilipo.