Kanisa letu dogo lilianzishwa na nani hasa? (Masasi na Newala)

Mjukuu wa Mwalimu:
Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wa kanisa wamenipa kazi ya kuandika historia ya kanisa letu la Kianglikana, katika kijiji kilichoko kati ya Masasi na Newala, ambalo Jumapili ya kawaida waumini wake hawajazi mabenchi kumi. Kila ninayemuuliza hunijibu kwamba kanisa lililetwa na Wazungu wa UMCA, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, na masimulizi yanaishia hapo. Hatuna jiwe la msingi lenye tarehe, na jengo la kwanza limebakiza msingi wa mawe tu chini ya mwembe. Naomba mnielekeze: je, ni haki kumwandika kuwa mwanzilishi mmisionari ambaye hakuna mzee hata mmoja anayelikumbuka jina lake?

Mwana wa Mkomaindo:
Ndugu yangu, si haki, na historia ya Masasi yenyewe inakuunga mkono. Ni kweli kwamba mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza msafara kutoka Lindi hadi Masasi, lakini waliojenga na kulima pale walikuwa watu waliokombolewa utumwani na kulelewa Unguja, ambao wengi wao asili yao ilikuwa huku bara. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana hapa kama Magwangwara, waliishambulia Masasi na kuteka watu, ndipo mmisionari Chauncy Maples akahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Huko Chitangali, kwa mkuu Nakaam, aliyelilea kanisa kwa miaka mingi ni Cecil Majaliwa, mtoto aliyekombolewa utumwani, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika UMCA. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza, na ibada ziliendelea vijijini mikononi mwa mapadre na walimu wetu wenyewe. Mtafute mwalimu wa kwanza wa kijiji chenu. Mimi ninaamini huyo ndiye mwanzilishi.

Karani wa Mtaa:
Nakubaliana na aliyetangulia, nami naongeza njia ya kumpata. Nenda kwenye mtaa mama, yaani parokia inayosimamia kanisa lenu, uombe kusoma madaftari ya ubatizo na ya kipaimara, wala usiishie kwenye jina la padre aliyebatiza, kwa kuwa padre alipita mara chache kwa mwaka. Soma safu ya wasimamizi: jina linalojirudia ukurasa baada ya ukurasa, kwa watoto wa koo mbalimbali, mara nyingi ni la mwalimu au la mkewe. Kisha waulize wazee waliingia jando lipi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, aliruhusu jando lifanyike kwa taratibu za Kikristo badala ya kulipiga marufuku, na kwa sababu hiyo wazee wengi wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa wanajua vizuri nani alitangulia kutahiriwa na nani alifuata.

Mmakonde wa Newala:
Mimi nina angalizo moja. Msimsahau mkulungwa, yaani mkuu wa kijiji, aliyetoa ardhi, hata kama yeye mwenyewe hakubatizwa hadi kufa kwake. Bila neno lake mwalimu asingepata hata kivuli cha kufundishia, na katika vijiji vingi watu walijifunza kusoma chini ya mti kabla ya jengo lolote la ibada kusimama. Uliza mwembe huo ulipandwa na nani.

Mjukuu wa Mwalimu:
Nawashukuru sana. Jana nilikaa na bibi yangu nikamuuliza habari za mwembe, naye akanieleza habari za kengele. Kengele yetu ni kipande cha reli, na anakumbuka vijana walivyokibeba kutoka upande wa Nachingwea, ambako reli ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Yeye anasema kilipoletwa alikuwa tayari mama wa watoto wawili, na kwamba kabla ya hapo mwalimu aliwaita watu kwa ngoma, kila asubuhi, akiwa amesimama juu ya jiwe ambalo sasa liko ndani ya ua wetu. Amelitaja jina lake na la mkewe. Jumatatu ninakwenda kwenye mtaa mama kuyatafuta katika madaftari.