Tupeane uzoefu: gari la zamani, moto wa injini na ulaji wa mafuta

Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa magari ya zamani ya petroli, ya karbureta na EFI (petroli inayopulizwa kwa sindano za umeme) za mwanzo. Kuchemsha na kula mafuta nimeviweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu kwenye injini ni hesabu moja: mafuta yanayoungua bila kusukuma gari yanageuka joto, na joto hilo ni lazima rejeta ilibebe au litoke kwenye ekzosi. Tuleteane vipimo na hatua. "Badilisha hiki uone" haimsaidii mtu.

Naanza na kupima ulaji, maana mshale wa tangi haufai kwa kazi hii. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tembea angalau kilomita 300, rudi pampu ile ile, gari lisimame usawa ule ule, jaza tena mpaka ikate mara ya kwanza. Kilomita 380 kwa lita 36 ni kama 10.6 kwa lita. Fanya mara tatu uchukue wastani. Kama tairi si saizi ya kiwandani, linganisha kwanza kilomita za dashibodi na za GPS kwenye njia ndefu. Bila hivyo unaweza kusifia plagi mpya kumbe ni tairi tu zimebadilisha hesabu.

Spana Kumi

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote: kung'oa thermostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende rejeta.

Ikiwa baridi, thermostati imefunga njia ya rejeta na maji yanazunguka ndani ya injini kupitia baipasi, njia ya mkato. Injini nyingi zina sahani ya pili chini ya thermostati. Inapofungua njia ya rejeta, sahani hiyo inaziba baipasi. Ukiing'oa, baipasi inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inarudi kwenye pampu bila kupita rejeta kabisa. Ndiyo maana gari la namna hiyo mshale unalala chini njia tambarare, halafu linachemsha kwenye mlima mrefu.

Upande wa mafuta ndiyo hasara ya kila siku. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikiona injini haijapata moto inaendelea kuongeza petroli, karbureta yenye choki ya kujiendesha inachelewa kuifungua, na oili inabaki nzito. Kwa gari la otomatiki kuna la ziada: gia nyingi zinazoongozwa na umeme haziingii overdrive (gia ya juu kabisa) wala kufunga lock-up (klachi inayounganisha injini na gia moja kwa moja) injini ikiwa baridi. Utakuta gari linaunguruma juu kwa mwendo ule ule, na mtu anapeleka gia kufanyiwa ukarabati wakati kilichokosekana ni thermostati.

Kuipima: nambari iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82, ni nyuzi inapoanza kufunguka. Bana uzi kwenye mdomo wa thermostati, ining'inize kwa uzi huo ndani ya sufuria ya maji, weka thermomita isiyogusa kitako cha sufuria, pasha taratibu. Inapoanza kufunguka uzi unaachia na thermostati inadondoka. Soma nyuzi wakati huo huo. Zidi mpaka kama 95: sahani iwe imenyanyuka milimita 8 au zaidi. Ikichelewa, ikifunguka nusu, au ikibaki na mwanya baada ya kupoa, tupa.

Kufunga: springi iangalie ndani ya injini, kapini ka kutolea hewa kawe juu kabisa, na mpira wake uwe mpya.

Mchangiaji mwingine akauliza

Mkuu, kwenye joto kali si afadhali maji yatembee bila kizuizi?

Spana Kumi

Hapana. Thermostati nzima haikuzuii ukiwa na joto, inakuwa imefunguka yote. Kama gari linachemsha nayo ikiwa nzima, tatizo liko mbele: rejeta, feni, pampu au gasketi ya silinda hedi. Kuing'oa kunakuficha hilo kwa wiki chache tu.

Maltimita

Naongezea hapo hapo. Kwenye EFI nyingi kuna sensa mbili za moto, msizichanganye. Ya waya mmoja ni ya geji ya dashibodi. Ya waya mbili inazungumza na kontroli boksi, na hii ndiyo inayoamua petroli. Geji inaweza kuonyesha sawa huku kontroli boksi ikidhani injini ni ya baridi.

Zima, chomoa soketi ya waya mbili, weka maltimita kwenye ohmu. Kwa Toyota nyingi za zamani, nyuzi 20 isome kilo-ohmu 2 hadi 3, na nyuzi 80 isome 0.2 hadi 0.4. Ohmu zinashuka kadiri moto unavyopanda, kwa hiyo soketi yenye kutu ya kijani inayoongeza ohmu inamdanganya kontroli boksi kwamba kuna baridi. Safisha vipini kabla ya kununua sensa.

Sensa ya oksijeni nayo: injini ipate moto, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, volti iwe inacheza kati ya kama 0.1 na 0.9. Kwa Toyota hizo ihesabu: ndani ya sekunde 10 ipande na kushuka mara 8 au zaidi. Ikiganda juu, injini inalishwa mno, au sensa imekufa. Vuta hozi moja ndogo ya hewa kidogo uone kama volti inashuka. Ikishuka, sensa inasema kweli na wewe tafuta kinachozidisha petroli: sindano inayovuja, presha ya mafuta iliyozidi, au ile sensa ya moto.

Maji Safi

Mimi nakaa kwenye rejeta, na naanza na kifuniko kwa sababu hakuna anayekiangalia. Kina namba, 0.9 au 1.1, ndiyo presha kinachoshikilia kwa kipimo cha bar, zaidi ya ile ya hewa. Kwa 0.9 maji matupu yanachelewa kuchemka hadi karibu nyuzi 119. Mpira wake ukipasuka unarudi kwenye 100, na sehemu zenye moto mkali karibu na vali zinaanza kutoa mvuke hata kabla mshale haujapanda. Usiweke namba kubwa kuliko ya kiwandani, hozi na tenki za plastiki za rejeta hazitavumilia. Katikati kuna kivali kidogo cha kurudisha maji kutoka kwenye chupa. Kikiganda, ukirudi gari limepoa utakuta hozi ya juu imenyonywa, imebonyea kama mrija wa juisi. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta): nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Kumimina ile nzito peke yake ni kosa. Kilo moja ya maji inabeba kama kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi, mchanganyiko wa nusu kwa nusu kama 3.5, na kulanti tupu hata chini ya hapo. Faida yake ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Rangi si kipimo, soma aina kwenye kopo. Ukichanganya aina zisizopatana unaweza kupata uji ndani ya mirija.

Kuosha ndani: asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita. Mfumo wa lita 6 unahitaji gramu 300. Mwaga kulanti, toa thermostati kwa muda, weka hita ya ndani ya gari upande wa joto, washa injini ipate joto lake kwa dakika 15 hadi 20 gari likiwa limesimama, mwaga kabla uchafu haujatulia. Suuza mara tatu au zaidi mpaka maji yatoke meupe, ndipo urudishe thermostati na kulanti. Sabuni ya magadi makali isiguse aluminiamu, inaila. Na mjue: rejeta iliyooza inaweza kuanza kuvuja baada ya hapo, kwa sababu kutu ndiyo iliyokuwa imeziba tundu. Msimwage unga wa kuziba kuvuja. Hauchagui tundu, unaziba na mirija myembamba ya hita.

Nje: kati ya kondensa ya AC na rejeta kuna mwanya unaojaa vumbi, wadudu na manyoya. Ukitazama mbele utaona kondensa safi na kuridhika. Legeza rejeta, ivute nyuma, tia maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo. Mashine ya kuoshea gari inalaza mapezi na ukishayalaza hewa haipiti.

Mleta mada

Vipi gari linalochemsha foleni tu, na likitembea linapoa?

Feni Mbili

Hilo ni suala la hewa. Kinyume chake, likichemsha mwendo kasi au mlimani na foleni liko sawa, angalia mtiririko wa maji: rejeta iliyoziba ndani, wota pampu iliyoliwa mapezi, au hozi ya chini inayonyonywa ukikanyaga mafuta kwa sababu springi ya ndani imeoza. Mwenzako ashikilie mizunguko 3,000, wewe itazame hozi hiyo, usiweke mkono karibu na feni.

Feni ya umeme: kwenye Toyota nyingi za zamani ukichomoa soketi ya swichi ya moto huku swichi ya gari iko ON, feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka, pima fyuzi, rilei, halafu mota moja kwa moja na betri. Ikizunguka lakini gari bado linachemsha, weka karatasi mbele ya grili: feni ya nyuma ya rejeta inatakiwa iivute karatasi ing'ang'anie. Ikiisukuma, waya zimegeuzwa, na hili hutokea sana mota inapobadilishwa.

Feni ya viskasi (inayozungushwa na injini kupitia klachi ya silikoni): injini ikiwa ya moto, zima na uitazame. Ikiendelea kuzunguka mizunguko mitatu au zaidi kwa uhuru, mafuta yake ya silikoni yamekwisha. Ikiwa imeshikana muda wote hata asubuhi, nayo ni mbaya: inanguruma kama lori na inakula nguvu ya injini bila sababu.

Na kava ya feni irudishwe. Bila hiyo feni inazungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuvuta kupitia rejeta nzima.

Taimingi

Taimingi (wakati wa cheche ya plagi) iliyochelewa ndiyo inayounganisha mada zote mbili. Moto unawaka pistoni ikiwa tayari inashuka, nguvu inapungua, dereva anakanyaga zaidi, na joto linaishia kwenye ekzosi na silinda hedi. Kwa injini za Toyota 4A-FE na 5A-FE zenye distribyuta: injini iwe na moto, unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya vipimo, taa ya taimingi isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele, kaza, toa waya. Ukisahau kuunganisha, kontroli boksi inasogeza taimingi yenyewe na utakuwa umefunga uongo.

Plagi: hudhurungi hafifu ni sawa, masizi makavu meusi ni petroli nyingi, nyeupe yenye chembechembe ni moto mkali au hewa inayoingia isipotakiwa.

Eya klina chafu, kwa karbureta inaongeza ulaji. Kwa EFI yenye sensa ya oksijeni nzima, inapunguza nguvu zaidi kuliko kuongeza ulaji. Ibadilisheni, lakini msitegemee maajabu. Sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta achaneni nazo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya kubana mafuta na vichache mno vilionyesha nafuu yoyote.

Ringi ya Moto

Breki hazijatajwa. Tembea kilomita 10 ukitumia breki kidogo, simama taratibu, pima kila ringi kwa thermomita ya miale. Moja ikiwa juu wazi kuliko mwenzake wa upande wa pili, inabana. Piga jeki, zungusha. Ikigoma, legeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Likiachia hapo hapo, hozi ya mpira imevimba ndani na inazuia mafuta ya breki kurudi. Lisipoachia, ni pistoni yenye kutu au pini za kalipa zilizokauka.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kutembea, kwa namba ya kibandiko cha mlango. Ile ya ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si ya gari lako.

Spana Kumi

La mwisho kutoka kwangu, kabla ya kulaumu gasketi: hewa. Ukishajaza maji, inua mbele ya gari, hita upande wa joto, kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, acha iwake huku ukiongeza hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Hewa ikibaki kwenye sensa, geji inasoma ovyo.

Baada ya hapo, kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua na ufunge kifuniko, washa, shika hozi ya juu. Ikikaza kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, hiyo si presha ya joto, ni gesi ya silinda. Thibitisha kwa dawa ya bluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta: ikigeuka njano, gasketi imepita au hedi imepasuka. Ukifungua hedi ya injini ndogo ya silinda 4, weka rula ya chuma, urefu, upana na kona kwa kona. Fila geji ya milimita 0.05 ikipita chini yake, mara nyingi hiyo imeshavuka kikomo na hedi iende kunolewa kabla hujafunga gasketi mpya.