Frigeti nne za Afrika Kusini: haja au tamaa?

Mleta mada:
Wakuu, juzi kijiweni tulibishana hadi kahawa ikapoa. Jamaa yangu anadai zile frigeti nne (manowari za ukubwa wa kati) za Afrika Kusini, Amatola, Isandlwana, Spioenkop na Mendi, hazikuhitajika, maana mkataba wa kuzinunua wa 1999 ulinuka rushwa. Mimi nasema mlungula ulikuwepo, Schabir Shaik, mshauri wa fedha wa Jacob Zuma, alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2005, lakini hilo halijibu kama meli zilihitajika.

Tazameni walikotoka. Kwa makubaliano ya Simon's Town ya 1955, Waingereza waliwakabidhi kambi ya majini ya huko, karibu na Cape Town, nao wakanunua meli za Uingereza. Ndipo zikaja frigeti tatu zenye majina ya marais wa Makaburu: Kruger, Steyn na Pretorius. Kazi yake ilikuwa kuwinda nyambizi kwenye njia ya meli inayozunguka Rasi ya Tumaini Jema. Usiku wa kuamkia 18 Februari 1982, President Kruger ikiwa mazoezini iligongana na Tafelberg, meli yao wenyewe ya mafuta, ikazama. Mabaharia 16 walikufa. Kununua nyingine haikuwezekana: Umoja wa Mataifa ulishawawekea vikwazo vya silaha 1977, na Wafaransa wakaziuza kwa Argentina meli mbili walizowaundia. Pretorius ilistaafu 1985, wakabaki na boti za makombora za muundo wa Israel, ndogo mno kwa mawimbi ya kule kusini. Mandela alirithi jeshi la majini lisilo na frigeti hata moja.

Mchumi Njaa:
Historia tamu mkuu, ila umeruka palipo na moto. Mwaka huohuo wa 1999 watu walikuwa wanazikwa kila Jumamosi kwa UKIMWI, serikali ikilalamika kuwa dawa ni ghali, tena ni sumu. Ilibidi Mahakama ya Katiba iiamuru mwaka 2002 itoe nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto na virusi vya mama, kwa wajawazito. Wakati huohuo, kwa manowari, nyambizi, ndege na helikopta, zilipatikana randi bilioni 30 hivi. Adui alikuwa nani? Tume ya Jaji Seriti, iliyochunguza manunuzi hayo, ilipowasafisha wote 2016, mahakama ikaitupa ripoti yake 2019.

Mtwara Kuchele:
Nawasikiliza, ila mimi ni mtu wa pwani. Maharamia wa Kisomali walipoteremka hadi Mlango wa Msumbiji, Mendi ndiyo iliyotumwa kwanza, mapema 2011, kukaa Pemba. (Pemba ya Msumbiji jamani, msije mkaitafuta Wete.) Mwaka uliofuata Tanzania nayo ikatia saini ushirikiano na Afrika Kusini na Msumbiji wa kuwadhibiti maharamia. Mvuvi aliye majini haulizi meli ilinunuliwaje.

Na majina yale yanachekesha kidogo: Isandlwana ushindi wa Wazulu, Spioenkop ushindi wa Makaburu. Yamegawanywa kama nyama ya shughuli, kila upande upate. Ila Mendi sicheki. Ni meli iliyozama 1917 na Waafrika weusi zaidi ya 600, waliokuwa wanapelekwa Ufaransa kufanya vibarua vya vita.

Fundi Bomba:
Wote mnabishania bei ya ng'ombe, hamuulizi majani. Frigeti zile zina dizeli mbili za kwendea kawaida, na tabo la gesi (injini kama ya ndege ya jeti) linalosukuma maji nyuma meli ikitaka mbio. Mtambo wa akili sana, lakini unataka spea, mafundi na gati kila miaka kadhaa. Amatola ilipata ukarabati mkubwa Durban 2014 na 2015. Wenzake wamekuwa wakisubiri zamu. Sisi kwenye karakana tunajua: anayenunua gari bila hela ya sevisi amenunua banda la kuku.

Mleta mada:
Mchumi, kwenye dawa umenikamata, sina utetezi. Bado nasema pwani ya karibu kilomita 3,000, ukiongeza visiwa vya Prince Edward kule kusini kuelekea barafu, hailindwi kwa boti. Fundi ndiye amenigeuza: nne zilizidi mfuko wao. Leo ningeuza mbili, nihudumie mbili.

Fundi Bomba:
Uziuze kwa nani, na hazijafanyiwa sevisi?