Mteremko ninao, nukta ninayo, mlinganyo unagoma

Mama Wawili:
Habari zenu wakuu. Narudia hesabu za sekondari ukubwani, nasoma peke yangu usiku wanangu wakishalala. Swali linasema: mstari una mteremko −2/3 na unapita kwenye nukta (−6, 5), tafuta mlinganyo wake. Nimetumia y − y₁ = m(x − x₁), ambapo m ni mteremko na (x₁, y₁) ni nukta, nikapata y = −(2/3)x + 9. Kitabu kinasema + 1. Nimerudia mara nne, ni 9 ileile. Nimekosea wapi? Na hiyo kanuni imetoka wapi hasa? Mimi nimeikariri tu, na inaniuma kukariri kitu nisichokielewa.

Chaki Nyeupe:
Dada, weka hatua zako tuzione.

Mama Wawili:
y − 5 = −(2/3)(x − 6)
y − 5 = −(2/3)x + 4
y = −(2/3)x + 9

Chaki Nyeupe:
Kosa liko mstari wa kwanza, kwingine kote umepatia. x₁ yako si 6, ni −6. Kanuni inasema toa x₁, kwa hiyo ni x − (−6), yaani x + 6. Andika mabano ya ndani kila mara, hata kama unaona unapoteza muda. Sasa −(2/3) mara 6 ni −4, ukijumlisha 5 unapata 1.

Kuhusu chimbuko lake: mstari ukinyooka, mteremko ni uleule popote utakapoupima. Chukua nukta yako (−6, 5) na nukta nyingine yoyote (x, y) ya mstari huo. Tofauti ya y ukigawanya kwa tofauti ya x lazima upate m:

(y − 5)/(x + 6) = −2/3

Zidisha pande zote kwa x + 6, kanuni yako hiyo hapo. Kumbe ni maana ya mteremko tu. Tunaiondoa ile sehemu kwa sababu kwenye nukta yako yenyewe asili (namba ya chini, x + 6) inakuwa 0, na hatugawanyi kwa 0.

Karatasi ya Miraba:
Mimi huwa natembea kwenye grafu. Mteremko −2/3: nenda 3 kulia, shuka 2. Kutoka (−6, 5) unafika (−3, 3), halafu (0, 1). Umeshagonga mhimili wa y kwenye 1. Na jibu lako la 9 ungelikamata mwenyewe: weka x = −6, unapata 4 + 9 = 13, wakati ulitakiwa upate 5.

Mama Wawili:
Nimechora, na kweli umepita kwenye 1! Nimejaribu na la pili, mteremko 4, nukta (−1, −3):
y − (−3) = 4(x − (−1))
y + 3 = 4x + 4
y = 4x + 1
Nimepima: 4 mara −1, jumlisha 1, ni −3. Asanteni sana, leo nalala na amani.