Miti ya malisho: nianze kukata lini?

Swali: Ndugu wafugaji, nimepanda kaliandra na lusina kwenye mipaka ya shamba ili ng'ombe wapate majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Je, nianze kukata lini, na niwape kiasi gani?

Jibu: Subiri miezi 9 hadi 12 mizizi ishike vizuri, kisha kata kwa panga kali kwenye kimo cha mita 1 hivi, ukihakikisha shina halichaniki, maana shina lililochanika huoza na kuchelewesha machipukizi.

Jibu: Naongeza kuhusu lusina, kwani jambo hili hupuuzwa mno: ina mimosini, yaani sumu ya asili iliyomo kwenye majani yake, ambayo ikizidi hunyonyoa manyoya na kumdhoofisha mnyama, hivyo isizidi theluthi moja ya chakula chote. Kaliandra wape ikiwa mbichi.

Muulizaji: Asanteni sana, nitaanza na kaliandra.